Rangi ya Maziwa na Mlango wa Mama

Usiku wa jana niliota ninapaka rangi ukuta wa sebuleni, mkono wa pili, yaani tabaka la pili juu ya la kwanza, na nimefika nusu. Nilikuwa nimeanzia juu, pembeni mwa dirisha, nikishuka taratibu ili matone yaangukie mahali ambapo bado sijapaka. Hakukuwa na la ajabu. Ndiyo kazi niliyoshinda nayo mchana kutwa, na nilidhani bado ni mchana.

Rangi yenyewe ni ya maziwa, ya mafuta, ili ukuta uweze kupanguswa. Nimeipaka kuta zote nne, na fremu ya mlango, na mlango wenyewe, ambao tangu nizaliwe ulikuwa wa kijani. Kijani hicho alikipaka marehemu baba kwa rangi iliyobaki alipomaliza kupaka madawati ya shule. Sikukipenda hata siku moja. Nina miaka hamsini na miwili, na wiki hii nilipata likizo ya siku nne nikaamua kukiondoa.

"Hunikorogi?" kopo la rangi likauliza.

Nikajibu kwamba nimelikoroga asubuhi.

"Nimeandikwa hapa ubavuni: koroga vizuri kabla ya kutumia. Sikuandikwa mara ngapi."

Nikalikoroga tena. Likashukuru.

"Na hapa chini nimeandikwa nikae mbali na watoto. Wewe una watoto?"

"Sina. Tunaishi wawili tu humu, mimi na mama yangu."

"Kwa hiyo wewe ni mtoto."

Nikalitafakari jambo hilo. Sikuona pa kubishia. "Ndiyo," nikasema, "ni mtoto wake wa mwisho."

"Basi niwie radhi," kopo likasema, likasogea hatua moja. Nikanyoosha mkono, nikachovya brashi. Likasogea hatua nyingine. Nikalifuata, kwa sababu kazi ya rangi haiachwi katikati ya ukuta. Ukiacha, alama ya kiungo, pale rangi zinapokutana, haitoki tena.

Nilitembea muda mrefu. Katika simu yangu nimehifadhi mafunzo kumi na moja ya kupamba nyumba, na yote yanakubaliana kwamba rangi nyepesi hukuza chumba. Sasa niliona ni kweli. Ukuta wa mbele ulikuwa umekwenda mbali, umebaki mdogo kama kiganja. Kabati la vyombo lilikuwa kule kwenye upeo, na kati yangu nalo upepo wa huku kwetu Same unavuma kama unavyovuma kwenye uwanda, na vumbi linapita juu ya zulia. Nilijiambia kwamba chumba kimetoka vizuri.

"Hodi," sauti ikasema nyuma yangu.

Ilikuwa sauti ya kiti. Nilikinunua Alhamisi mnadani kwa Mama Elinami: kiti cha mbao, cha mikono miwili, chenye mguu mmoja mfupi. Kilikuwa bado kinalala barazani. Nyumbani kwetu kitu cha mtumba hakiingii ndani siku hiyo hiyo. Mama hutaka kikae juani siku tatu, kiwasahau kwanza watu wake.

"Siku zako hazijatimia," nikakiambia.

"Najua, dada. Sijaja kuingia. Nimekuja kukwambia kwamba mama yako anatembea."

Nikatazama. Mama anakuja kutoka mbali, amejitanda kanga, anafuata ukuta. Mama yangu, Nakijwa, ana miaka themanini na mmoja na hutembea wima, hataki fimbo. Mkono wake wa kulia uko ukutani, kwenye rangi mbichi, na vidole vinne vinaacha mistari minne.

"Anaharibu mkono wa pili," nikasema.

Nilisema hivyo. Sijivunii.

"Anatafuta mlango," kiti kikasema.

"Mlango si uko pale?"

"Wapi?"

Nikageuka nikionyeshe. Nikatafuta kwa macho kutoka kona hadi kona. Kulikuwa na maziwa, na baada ya maziwa kulikuwa na maziwa.

Mama akatupita bila kutuona. Alipomaliza kuzunguka chumba chote alisimama, akauelekea ukuta, akasema kwa adabu, "Hodi."

Hakuitikiwa na mtu. Akaweka tena mkono ukutani, akaanza kuzunguka.

"Hiyo ni ya kwanza," kiti kikasema. "Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mtu huondoka. Ndivyo tulivyolelewa wote."

"Lakini anabisha hodi akiwa ndani. Ataondoka kwenda wapi?"

"Hilo limenishinda hata mimi."

"Basi nitaitikia. Nitasema karibu."

Kiti kikakuna mguu wake mfupi kwa mguu mwingine. "Fikiri kwanza. Anayesema karibu ndiye mwenye nyumba. Ukisema wewe, yeye atakuwa mgeni. Na mgeni, dada, hukaa pale anapoonyeshwa, na hainuki mpaka ainuliwe."

Nikafumba mdomo. Niliona kwamba nikinyamaza ninampoteza, na nikiitikia ninamnyang'anya nyumba. Kitu pekee kilichobaki ni kuutafuta mlango kabla ya hodi ya tatu.

"Uko wapi?" nikakiuliza kiti.

"Uliuvua rangi yake. Kitu kilichovuliwa kinakwenda wapi? Mnadani."

Tulikuwa tayari mnadani. Milango imemwagwa chini kwenye maturubai, mafungu kwa mafungu, mingine bado na bawaba, na wanawake wameinama wanaichambua. Mama Elinami amesimama juu ya meza, kitambaa kimefungwa kiunoni.

"Chagua, chagua! Mlango wa mtu aliyehama! Mlango wa mtu aliyegombana! We dada, usiubonyeze, hilo si parachichi!"

"Shikamoo, Mama Elinami. Natafuta wa kijani."

"Marahaba. Ya kijani ipo mingi. Wako una alama gani?"

Nikafikiri. Nilijua ulikuwa wa kijani. Nilijua sikuupenda.

"Alama siijui," nikasema.

"Miaka hamsini na miwili unaingia na kutoka, alama huijui! Halafu wateja wanasema mimi ndiye nisiyekagua mzigo." Akaingiza mkono kwenye kiroba, akatoa miwani. "Haya, jaribu hii. Mtumba hujaribiwa palepale, juu ya ulichovaa."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

"Mama hana miwani. Kila nikimuuliza anasema macho yake ni mazima."

"Ndiyo maana haina hata mkwaruzo," Mama Elinami akasema.

Nikaivaa.

Mnada ukaondoka. Sikuona tena milango wala watu. Mama Elinami alibaki sauti tu inayosema chagua, chagua. Mbele kulikuwa na weupe mmoja uliotulia, kama kutazama ndani ya bakuli la uji. Ila mbali kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa kijani, umesimama wima, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Nikaelewa mara moja nyumba yote. Ule mstari ni nje. Kushoto kwake ni kochi. Hatua saba kutoka kwake ni chumba cha kulala. Kwa mstari ule mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kumwomba yeyote chochote.

Pembeni ya mstari kuna mtu amesimama juu ya stuli, ana brashi. Anapaka kuanzia juu, anashuka taratibu. Mstari unafupika.

"Dada, acha," nikasema.

"Nimebakiza kidogo tu," akajibu bila kugeuka, kwa sauti yangu, kwa upole. "Ni mkono wa pili."

"Acha, tafadhali."

Nadhani hakusikia. Watu huniambia kwamba nazungumza chini sana, na sikuwahi kuona kwamba ni kasoro.

"Hodi," mama akasema mahali fulani.

"Ya pili," kiti kikasema.

Nikavua miwani, nikawa sebuleni. Nikakimbilia kwenye kisanduku changu cha vifaa nikatoa msasa. Msasa ukajikunja.

"Siwezi," ukasema. "Rangi mbichi haikwanguliwi. Umeandika mwenyewe kwenye daftari lako, ukurasa wa tisa, ukapigia na mstari."

"Leo ni dharura."

"Ukurasa wa tisa hauna neno dharura."

Ulikuwa umesema kweli, nami sina desturi ya kubishana na maandishi yangu. Nikauacha. Nikatazama kuta zile zilizosogea mbali, na kwa mara ya kwanza nikaogopa, maana nilijua mlango uko mahali fulani, nami niliyeupaka siwezi kuuona.

Kiti kikapita mbele yangu mbio, kinachechemea, tak-tak-tak-to, tak-tak-tak-to, kikasimama ubavuni mwa ukuta.

"Hapa," kikasema. "Nilikaa karibu na mlango wa mzee mmoja miaka kumi na tisa. Akiinuka alinishika mkono huu, akitoka alinishika huu mwingine. Upepo wa chini ya mlango naujua."

"Ulitakiwa uwe umemsahau."

"Bado siku moja."

Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Rangi inatoka kwa shida, inajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nakwangua, nakwangua. Kikatokea kijani, kidogo, ukubwa wa punje ya haragwe. Mama amekwisha kupita dirishani. Amepita kabati. Anakuja, vidole vinne ukutani, na naona kifua chake kinajaa pumzi, na midomo inajikusanya kusema hodi ya tatu.

"Mama!" nikaita. Sikusema karibu. Nikasema, "Mama, ni hapa!" na niliisema kwa nguvu ambayo sijawahi kuitumia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikatoka chumbani kwangu. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa, kanga kichwani, mikono ameifunika mapajani kwa kanga ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Namkunda. Ulikuwa unapiga kelele."

"Nilikuwa naota. Mbona uko ndani? Kila siku nakukuta uani umeshanawa uso."

"Leo nimeona nikusubiri."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo." Akauelekeza uso ukutani. "Pamependeza. Pamekuwa peupe."

Nikatazama ukuta. Kwenye rangi niliyoimaliza jana jioni kulikuwa na mistari minne, iliyonyooka, kwenye kimo cha kifua cha mama. Juu yake kidogo kulikuwa na minne mingine, na chini yake minne mingine tena. Niliifuata kwa utaratibu, kuanzia dirishani. Mzunguko wa kwanza ulipita juu ya fremu, juu ya mlango, juu ya fremu ya pili, bila kusita. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikoma upana wa kiganja kabla ya mlango, na kutoka hapo matone madogo ya rangi yalirudi sakafuni hadi kwenye kochi.

Mama alisikia nimesimama kimya. Akaificha zaidi mikono chini ya kanga.

"Twende basi ukanawe," nikasema, nikampa mkono.

"Mkono wa nini? Mimi si mgeni humu."

Nikaurudisha mkono. Nikaenda nikafungua mlango wote, mpaka ukagonga ukuta wa nje, na jua la asubuhi likaingia likasimama wima sakafuni. Mama akainuka, akaliendea moja kwa moja, akatoka. Barazani alikigusa kiti begani akipita, kama mtu anavyomgusa mtu.

"Hiki kimebakiza siku ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Kikiingia kiweke hapa mlangoni."

Nikamjazia maji kwenye beseni. Akanawa uso, kisha akasugua vidole vyake kwa sabuni muda mrefu, amenipa mgongo. Nilimwachia muda huo.

"Mama," nikasema, "mlango nataka niurudishie kijani chake."

"Kwa nini? Si ulisema kijani ni cha madawati?"

"Nimebadili mawazo. Na fremu pia."

Akajifuta kwa upande wa kanga, bila haraka.

"Basi kiwe kile cha majani ya mgomba," akasema. "Si kile cha chupa. Cha chupa hakionekani."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza mama yangu kuniambia habari za macho yake. Akakaa kwenye kiti, chenye siku mbili tu, akaelekeza uso juani.

Nilirudi ndani na msasa, nikapiga magoti mbele ya fremu. Nikaigusa rangi: bado mbichi, inanata. Nikafungua daftari, ukurasa wa tisa, nikausoma tena, nikalifunga. Kazi itakuwa kesho. Leo mlango utashinda wazi, na vumbi liingie litakavyo.

Nilipotaka kuinuka ndipo nikaona, chini ya fremu, kwenye kimo cha mtu aliyepiga magoti, mkwaruzo wa kijani ukubwa wa punje ya haragwe. Nilidhani ni mama. Lakini kucha za mama nilizikata mimi Jumapili, mpaka nyamani, na mama hapigi magoti siku hizi. Nikageuza mkono wangu nikatazama kidole gumba. Chini ya ukucha kulikuwa na rangi ya maziwa iliyojikunja, na kwenye ukingo wake, uzi mwembamba wa kijani.