Familia ya Bosi Ambakisye

Ilipokuwa na watu sita, kampuni ya Ambakisye ya kupitisha mizigo mpakani Tunduma haikuwa na sheria ila moja: aliyefiwa anafunga droo, anakwenda. Sasa ina watu arobaini, ghorofa ya kupanga, na kitabu cha mwongozo kilichonakiliwa kutoka kampuni fulani ya Dar es Salaam. Kitabu kinatambua baba, mama, mwenzi na watoto, basi. Ndiyo maana Tabita wa dawati la nyaraka alipoomba siku tatu akamuuguze mama yake mdogo kijijini Isansa, Fides wa utumishi alimjibu, kwa upole kabisa, kwamba mama mdogo si mzazi.

Si mzazi! Mama Rozi ndiye aliyemlea Tabita tangu akiwa mchanga, akamsomesha kwa kahawa ya shamba lake.

Tabita aliandika barua, akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni: "Asubuhi kwenye sala mnatuita familia. Tukiuguliwa mnatuchagulia ndugu. Ofisi hii imepoteza utu." Na kwa kuwa tangazo lilisema watu waandike bila woga, akatia jina lake na namba ya simu. Mtu mzima na akili zake!

Barua ilimuuma Ambakisye, tusimsingizie; ana moyo yule. Aliitisha kikao cha siku mbili, wakalijadili neno "utu" mpaka chai ikapoa. Kitabu hakikuguswa. Kikao kikaazimia fulana: za kijani, mgongoni zimeandikwa SISI NI FAMILIA.

Wiki ya pili Mama Rozi akafariki. Tabita alipompigia bosi asubuhi kumweleza kwamba mazishi ni saa saba siku hiyo hiyo, Ambakisye nusura alie naye.

"Pole sana, binti yangu. Usiende peke yako. Tunakwenda wote, kampuni nzima!"

Tabita angewahi gari la abiria la saa mbili. Lakini bosi ameshasema anakuja kukuzikia, utamwambia asije? Akakaa getini na kanga yake kiunoni, wakazisubiri fulana. Zilipokuja zilikuwa hazijakauka wino, wakazivaa hivyo hivyo, Tabita naye. Basi liliondoka Tunduma saa saba na nusu.

Isansa walikuta kaburi limeshafukiwa na watu wananawa mikono. Tabita alikimbia akajitupa juu ya udongo, akalia kwa sauti. Mpiga picha wa kampuni akamsogelea, akamwomba ainame kidogo zaidi ili maandishi yasomeke.

Ambakisye alikwenda kumpa mkono Mzee Luka, mume wa marehemu.

"Baba, pole. Msituhesabu wageni. Sisi ni familia."

"Mungu awabariki, wanangu," alisema Mzee Luka, machozi yakimlenga. Hakuwa na kejeli hata chembe. "Tulikuwa wachache mno. Basi wanaume wa familia mtalala hapa nje, turubai lipo. Kina mama wapo jikoni, mtawasaidia. Kuni ziko bondeni kule. Matanga tunaondoa siku ya tatu." Akamkabidhi Ambakisye panga.

Ambakisye alilishika kwa vidole viwili. "Baba, shida ni malori. Yanatusubiri mpakani."

"Malori?" Mzee alishangaa. "Nayo yamefiwa?"

Msiba mzima ulimtazama bosi. Alitoa leso, akajifuta jasho la shingo, akaifikiria kampuni yake. Kisha uso ukamkunjuka.

"Tabita atabaki, baba. Siku zote tatu. Kwa niaba ya kampuni!"

Fides alikwishatoa daftari, akaandika: safari ya kikazi.

Tabita aliinuka kaburini, udongo mpaka kwenye mikono. Alikwenda akalichukua panga mkononi mwa bosi, taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Bosi, nilikuomba siku tatu nimnyweshe uji," alisema. "Leo ndiyo unanipa."

Ambakisye aliitoa tena leso yake. Tabita alikuwa ameshashika njia ya bondeni.