Tuta la Jirani

"Weka mupanga chini, papa. Acha kwanza nimalize kufagia."

Halima hakuinua hata uso. Ufagio wake wa njiti ulikusanya majani makavu ya bustani ya mji, shii, shii, kama kila asubuhi, na Sumaili, shefu wa kazi za mji, akabaki amesimama na panga kama mtu aliyefika harusini kabla ya wapishi.

"Mama Halima, kesho wakubwa wanakuja kufungua jarde. Hapa tunapanda maua. Hii sombe inatoka leo."

"Itatoka. Lakini isikatwe na muntu asiyeijua."

Sumaili alikuja kutoka Kalima majuzi tu. Hata majirani zake hakuwajua majina. Alichoona ni tuta moja la mihogo inayochumwa sombe, majani ya mboga, nyuma ya kibanda cha muziki, likiharibu mistari yake ya maua.

Mji wa Kindu uliona zaidi. Wakati wa vita, njia za mashamba zilipofungwa na aliyetoka nje ya mji hakujua kama atarudi, watu waliiingia bustani hii kwa majembe. Maua ya roza ya Wazungu yaling'olewa, mabenchi yakawa kuni. Kila nyumba ikapata tuta, la mama wa kanisa likigusana na la mama wa msikiti. Sombe ilipochipua tu, wizi ukaanza. Halima alimwita Germaine, jirani yake wa tuta, mwizi mbele za watu, na Germaine akamjibu maneno ambayo mpaka leo sokoni wanayarudia kwa kunong'ona.

Ndipo Halima, aliyependa gumzo kuliko chakula, akapata wazo: hakuna kuchuma kwako mwenyewe. Unakwenda kwa jirani, unasalimia, yeye anakuchumia kwa mkono wake. Kesho naye anakuja kwako. Kwa hiyo moshi ukipanda kwenye nyumba, mtaa mzima unajua nani aliombwa. Kama hakuombwa mtu, mwizi ameonekana.

Alianza yeye. Alisimama mbele ya tuta la Germaine. "Jambo, dada." Germaine akamwacha asimame mpaka jua likapanda. Kisha akachuma, akajaza kitenge. "Chukua, weye mudomo. Upike, upunguze maneno."

Soudi, fundi wa nguo, aliwahi kukutwa akichuma kwake mwenyewe. Wamama walimcheka mpaka akajificha. "Soudi, umejiamkia? Na umejijibu nini?"

Amani iliporudi, matuta yakafutika moja baada ya jingine. Halima, aliyepewa kazi ya kufagia, akabakiza hili la Germaine. Mashina yakizeeka, alikata vijiti akapanda upya.

Sasa aliegemeza ufagio na kwenda kwenye lango. Panga halikumtisha. Alichoogopa ni kuita, na asije mtu.

"Germaine ee! Sombe yako inahama!"

Mwendesha toleka akapunguza baiskeli yake ya abiria, akamtazama, akapita. Halima akashika chuma cha lango kwa mikono miwili.

Kisha, ng'ambo ya barabara, sauti nzee: "Inahama kwenda wapi? Na nani kairuhusu?"

Jua lilipokuwa kichwani, bustani ilijaa. Soudi alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Toleka yule alirudi, amembeba mama yake nyuma. Walikata mashina vijiti vijiti, lakini hakuna aliyejichukulia. Kila mmoja alipokea mkononi mwa mwingine, kwa salamu na kicheko.

"Njo nini hii?" Sumaili akauliza. "Matanga ao harusi?"

"Vyote," Soudi akamjibu, akamtia kijiti mkononi. "Hiki si cha kujipandia, shefu. Kipeleke kwa jirani."

Germaine, akiegemea fimbo, akampa Halima cha mwisho. "Chukua, weye mudomo."

"Asante, dada."

Jioni, maua yakiwa yamepandwa na kumwagiliwa, Sumaili alirudi mtaani kwake Mikelenge na kijiti kwapani. Hakuingia kwake. Kushoto mtu alikuwa akitwanga. Kulia redio ilikuwa ikiimba. Alisimama kati ya milango miwili, akapangusa udongo mikononi, akakohoa kidogo.

"Hodi."

Mtwango ukanyamaza.