Kijiti cha Jumapili

Kabla hajawa Nathanaeli aliitwa Mbonile, na kabla hajapata Jumapili hakuwa na siku yoyote. Kule Ivuna, kwenye visima vya chumvi, walimjua kama mtu anayeamkia pale alipoangukia. Wanasema aliwahi kulala juu ya kichuguu siku tisa, mchwa wakamjengea hadi kiunoni, akaja kuamshwa na harufu ya pombe ya ulezi iliyokuwa inapita njiani. Mwenye kubisha aende akakitazame hicho kichuguu. Kipo mpaka leo, na kina umbo la makalio.

Mkewe Marita ndiye aliyelima, ndiye aliyechemsha chumvi, ndiye aliyemlea mtoto wao wa pekee, Danford. Mwaka wa nzige, ulezi ulipoliwa wote na pombe ikakosa cha kupikiwa, Mbonile alipanda milimani kwenye misheni. Hakufuata Mungu, alifuata uji. Akarudi baada ya miezi minane, amebatizwa, amevaa shati, anasoma kwa kufuatisha kidole, na kwapani amebeba ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mninga, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, umetobolewa mashimo saba kwa chuma cha moto. La saba lilichorwa msalaba juu yake. Palikuwa na kijiti kimoja. Kila asubuhi unakihamisha shimo moja, na kikifika kwenye msalaba unaweka jembe chini, unakwenda kusali. Misheni iliwapa mbao hizo watu wa mbali kwa sababu kalenda za karatasi zilikuwa zinaliwa na mende.

Watu walicheka, lakini kijiti kile kilimnyanyua mtu. Nathanaeli alianza kuamka mapema mno, hata majogoo wa Ivuna wakaacha kuwika wenyewe, wakawa wanasubiri kwanza wamsikie anakohoa. Ananawa, anasali, anahamisha kijiti, anatoka. Jumatatu na Jumanne shamba. Jumatano kuni za kuchemshia chumvi. Alhamisi anafundisha watu herufi kwa kuchora vumbini. Ijumaa anazungukia wagonjwa. Jumamosi asubuhi palizi, jioni kufagia kanisa la nyasi alilolijenga kwa mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijua kesho atafanya nini, na atafanya kwa ajili ya nani. Watu kumi wakamfuata, kisha thelathini. Wakamfanya mzee wa kanisa.

Marita alimtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeanza kuongea: unafurahi, ila hukai karibu sana.

Mwaka wa tatu homa ikamwangusha. Ilikuwa Jumatano jioni. Alitetemeka mpaka kitanda kikahama kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akazama kabisa. Alipofumbua macho palikuwa pamekucha. Akajivuta mpaka ukutani, akashika kijiti.

"Sogeza mashimo mawili, Baba Danford," Marita alisema. "Leo Ijumaa. Umelala usiku wa juzi, mchana wa jana wote, na usiku wa kuamkia leo."

"Nani kalala mchana kutwa?"

"Wewe. Nimekunywesha uji, umenitapikia."

Nathanaeli alisimama pale, ameegemea ukuta. Angeweza kuamini homa. Kitu alichoshindwa kukiamini ni kwamba yeye, baada ya yote yale, amelala tena siku nzima bila kujua, kama Mbonile wa kichuguu.

"Mama Danford, mtu aliyelala siku nzima alikuwa Mbonile. Huyo alizikwa majini kule misheni." Akahamisha kijiti shimo moja. Alhamisi.

Tangu siku hiyo kanisa la Ivuna likawa linasali Jumatatu.

Mtu atauliza, miaka minne, hakuna aliyegundua? Watagunduaje? Ubao ulikuwa mmoja tu; watu wengine pale walihesabu miezi na misimu, siku za wiki hazikuwa kazi yao. Mwalimu wa misheni aliyekuwa akiwatembelea alihamishiwa mbali, na hakuletwa mwingine. Mchuuzi mmoja wa kutoka Ujiji, aliyekuja kununua chumvi, alitandika mkeka wake akasema leo Ijumaa. Nathanaeli akamwambia kwa upole kwamba ni Alhamisi, na kwamba safari ndefu huchanganya watu. Waumini wawili waliokwenda misheni na kurudi wakisema siku zimepishana, aliwaambia wameokota siku moja ya ziada njiani, warudi wakaiache walipoiokota.

Marita alisema mara tatu. Mara ya tatu mumewe alimwombea hadharani, kanisani, Bwana amwondolee roho ya ubishi. Akanyamaza. Ila kunyamaza kwake kulikuwa na macho.

Basi ukaja mwisho wa kiangazi cha mwaka wa pili tangu ile homa. Danford alikuwa kijana wa miaka ishirini, mpole, mwenye mabega ya mchemsha chumvi. Kazi ile ina haraka yake. Unakwangua udongo wenye chumvi, unaurundika, unaumwagia maji yachujike kwenye vyungu vyenye matundu, halafu maji yale unayachemsha mpaka chumvi ibaki. Mvua ikiupiga udongo kabla hujauchuja, msimu wako umerudi ardhini. Asubuhi moja wingu jeusi likasimama upande wa Rukwa, zito kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Danford alikuwa na marundo manne hayajaguswa. Akawasha moto chini ya vyungu sita.

Kijiti kilikuwa kwenye msalaba.

Nathanaeli alikuwa katikati ya sala ya kwanza alipouona moshi kupitia mlango wa kanisa. Akatoka, na waumini wote nyuma yake, na Kitabu mkononi.

"Zima moto huo."

"Baba, mvua hiyo hapo. Niache mpaka jua la saa sita tu, nitakuja kusali."

"Nimekuambia zima. Leo siku ya Bwana."

Danford alimtazama mama yake aliyekuwa amesimama nyuma ya watu. Kisha akatazama chini. "Bwana ataniona, baba. Ananijua."

"Anakujua kwa lipi? Kwa ukaidi?"

Nathanaeli akampa jirani Kitabu, akachukua gogo la kuni, akavunja chungu cha kwanza. Maji ya moto yakaruka yakamchoma mguu, hakuhisi. Akavunja cha pili. Danford hakumzuia, alisogea pembeni kumpisha, kama unavyompisha mkubwa njiani. Vyungu sita vikalala chini vipande vipande, na chumvi iliyoanza kuganda ikageuka tope. Palepale Nathanaeli akatamka mbele ya watu kwamba Danford ametengwa na kanisa, hakuna wa kula naye wala kumsalimu mpaka atubu.

Mvua ilinyesha mchana ule ule. Ilinyesha kwa namna ambayo vyura walipanda juu ya mapaa kutafuta hewa.

"Haya," Marita alisema, "umepata ulichotaka. Siku imetunzwa."

"Atatubu. Atarudi."

"Atubu nini?" Hakusema zaidi. Alishaombewa mara moja, ilimtosha.

Danford hakutubu wala hakubisha. Alifunga nguo zake kwenye kaniki, akapita Msangano, akaenda Tunduma kwa wajomba zake. Akasikika yupo kwenye genge la vibarua wa barabara ile kubwa inayovuka mpaka. Hakutuma salamu.

Miaka miwili baadaye misheni ikampata mwalimu mpya, Mwalimu Amoni, kijana mwembamba wa Ibaba mwenye miwani na saa ya mfukoni. Aliingia Ivuna jioni, amechoka, akalala kwa jirani. Asubuhi akavaa koti, akaenda kanisani, akakuta mbuzi wawili na utulivu. Akamtafuta mzee wa kanisa. Akamkuta shambani, shati limetundikwa mtini, jembe linapanda na kushuka.

"Mzee Nathanaeli?"

"Ndiye mimi! Karibu, Mwalimu! Tulisikia unakuja. Pumzika leo, kesho tutakuwa na ibada kubwa."

Amoni alilitazama jembe. "Kesho kuna nini, mzee wangu?"

"Jumapili."

"Jumapili ni leo."

Nathanaeli alicheka, kicheko kizuri cha mtu anayemsamehe mtoto. "Njia ya kutoka milimani ni ndefu, Mwalimu. Inachanganya. Leo Jumamosi."

Amoni akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kijitabu cha misheni chenye tarehe, kila siku iliyopita imekatwa kwa kalamu. Akamwonyesha. Akamweleza kwamba jana asubuhi aliachana njiani na tarishi wa serikali, na tarishi naye alihesabu Jumamosi. Alipofika hapo Nathanaeli alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa anahesabu kurudi nyuma. Alipita wiki baada ya wiki, kiangazi na masika, mpaka akafika kitandani kwake, kwenye kitanda kilichohama ukuta, na uji uliotapikwa.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ya Mbonile. "Basi ile tuliyokuwa tunaisali ni siku gani?"

"Jumatatu. Lakini usihuzunike, mzee! Mungu anatazama moyo. Tunahamisha kijiti shimo moja, mambo yamekwisha."

Walikihamisha siku ile ile. Amoni alilitangaza jambo hilo kanisani kwa utani, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu: miaka minne tunamlaza Mungu Jumapili, tunamwamsha Jumatatu! Hata Nathanaeli alionyesha meno. Marita peke yake hakucheka, wala hakusema nilikuambia. Alifunga viazi kwenye jani, akamjazia mumewe kibuyu cha maji, akaviweka mlangoni. Alijua atakwenda kabla mwenyewe hajajua.

Nathanaeli alitembea siku tatu na nusu. Njiani alitunga maneno, akayapanga kama alivyopanga siku zake: kwanza nitasema hili, kisha lile. Nitamwambia hukukosa. Nitamwambia nitasimama mbele ya watu wale wale, nimrudishe kwa kinywa kile kile. Alikuwa na hakika Danford atalia, naye atalia, kisha watarudi pamoja, wafinyange vyungu vipya.

Alimkuta Tunduma, nyuma ya nyumba ya mjomba, anafunga mpini kwenye sururu. Alikuwa amekonda, na mikono imekuwa ya mawe. Danford alisimama mara moja, akapiga goti kumsalimu baba yake, akamletea kigoda. Binti mmoja akatoka na maji ya kunawa.

"Huyu ni Fides, mke wangu," alisema Danford. "Baba, mama hajambo?"

"Hajambo. Mwanangu." Maneno yote yaliyopangwa yakamkimbia. "Siku ile haikuwa Jumapili."

"Najua, baba."

"Nani amekuambia? Habari zimefika huku?"

"Mama aliniambia wiki ile ile ulipougua." Danford alikaa chini, mgongo ukutani. "Nilikuwa nasali Jumapili yenyewe, peke yangu, kule kwenye miti ya nyuma ya visima. Halafu kesho yake nakuja kanisani, nasali tena na ninyi."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili. Nilikuwa nachemsha siku tano tu, wenzangu wanachemsha saba. Nilisema baba ameupata uzima kwenye ule ubao. Nikimwambia mbele ya watu kwamba amekosea, atarudi kwenye pombe. Bora nisali mara mbili."

Nathanaeli alitafuta pa kuweka mikono yake. "Siku ile ungesema. Pale pale ungesema, Danford! Ungeniambia leo Jumatatu!"

"Thelathini wanakutazama, baba?"

Fides alileta ugali. Walikula. Nathanaeli akaeleza jinsi atakavyotangaza, jinsi kanisa litakavyomsimamisha Danford mbele na kumpa mkono. Danford alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile ile aliyompishia vyungu.

"Nakushukuru, baba. Sitakuja."

"Basi usali huku huku. Kuna kanisa hapa."

"Sisali tena. Nilipofika huku nilijaribu. Nikifumba macho naona gogo." Akachukua sururu yake, akajaribu kama mpini umeshika. "Genge linafanya kazi siku zote. Akipenda msimamizi tunapumzika, asipopenda hatupumziki. Siku hizi hata sijui leo ni siku gani, na nimepata usingizi."

Alimsindikiza baba yake mpaka pale njia ya Msangano inapoachana na barabara kubwa, akapiga goti tena, akarudi. Hakugeuka.

Wanaomjua Nathanaeli wanasema alizeeka njiani; kwamba alitoka Tunduma na nywele nyeusi akaingia Ivuna na nyeupe, na mvi zilikuwa zinadondoka nyuma yake, ndege wakazijengea viota. Huenda wameongeza. Kisichoongezwa ni hiki: uzee wa kanisa aliukabidhi kwa Amoni. Jumapili anakwenda kusali, anakaa nyuma karibu na mlango. Jumatatu halimi. Anakwenda kwenye visima, anakaa mbele ya majivu ya zamani ya Danford mpaka jioni, na vile vipande vya vyungu havijaokotwa na mtu.

Pombe hakurudia. Kulala hadi jua kuwaka hakurudia. Anaamka kabla ya majogoo kama zamani, ananawa, anasimama mbele ya ubao na kuinua mkono, kisha mkono unabaki hewani, maana hakiamini tena kidole chake.

"Mama Danford," anauliza, "leo ni siku gani?"

Marita amepiga magoti kwenye mafiga, anapuliza moto. Anapuliza mpaka ushike vizuri, anaweka chungu, anapangusa mikono kwenye kitenge.

"Uliza ubao wako," anasema.