Nati ya Baba Mkwe

Ukitaka kumjua Naftali, mwangalie pale anapomaliza kufyatua risasi. Kwenye mashindano ya kulenga mbali wenzake wote hutazama bamba la chuma waone risasi imeangukia wapi. Naftali hutazama mawingu. Bunduki yake ilikuwa na tabia ya kumpiga bega na kunyanyua pua, na darubini ikamwonyesha anga lote la Minnesota, ambalo ni zuri sana lakini halina pointi. Ikabidi amuulize mwenzake wa timu, Gwakisa. Gwakisa ni Mtanzania, mhandisi huko Golden Valley, mtu wa adabu zake. Mpaka amalize kusema, "Samahani shemeji, mimi naona kama vile imeelemea kidogo kushoto," muda umekwisha.

Kwa hiyo Naftali alikuwa wa mwisho. Alikuwa wa mwisho kwa uaminifu, kama mtu aliyeajiriwa kwenye nafasi hiyo na anaogopa kufukuzwa.

Mkewe, Eliakunda, alivumilia, kisha akatoa hukumu jikoni kwao, katika mji wa Crystal, huku akigeuza samaki kikaangoni.

"Baba Tulia, kila Jumamosi unalala kwenye matope na wanaume wenzako, na mtoto anapelekwa kuogelea na mimi niliyetoka shifti. Ukiwa wa mwisho tena kwenye mashindano yajayo, bunduki inauzwa na Jumamosi zinarudi nyumbani."

"Na nisipokuwa wa mwisho?"

"Endelea kulala kwenye matope. Sitasema neno."

Naftali ni Mkenya, muuguzi, anafanya kazi Brooklyn Park, na anaweza kupata mshipa kwenye mkono wa bibi kizee bila kumwamsha. Aliona mgonjwa hapa ni bunduki, si yeye. Dawa yake ilikuwa breki ya mtutu, kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, chenye matundu ya kutupa kishindo kushoto na kulia ili bunduki isimrudie mwenyewe. Akamwita Gwakisa waje wachague.

"Hii hapa," akasema, akisukuma simu mezani. Lilikuwa dude la ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. "Kuna jamaa wa ndevu kwa video anasema hii inamaliza hilo teke kabisa. Unaskia tu kama umeguswa na mtoto."

"Huyo jamaa wa ndevu analala wapi?"

"Nyuma ya bunduki. Kwani?"

"Na mimi nalala wapi, shemeji?"

Naftali akafikiri. "Kando."

"Kando. Na hayo matundu yanatazama wapi?"

Dude likaondolewa mezani. Ya pili ilikuwa nzuri, ila ilitaka fundi wa bunduki aichonge na kuiwekea washa, vile vipete vyembamba vya chuma, mpaka matundu yakae sawa, na fundi waliyempigia alikuwa na foleni ndefu kuliko majira ya joto yenyewe. Wakabaki na ya tatu, ya wastani, ambayo mtu hujipangia mwenyewe. Unaizungusha kwenye mtutu mpaka matundu ya pembeni yatazame pembeni na yale madogo ya juu yatazame juu, halafu unakaza nati iliyo nyuma yake. Basi. Haihitaji fundi, haihitaji foleni. Gwakisa alisema hata mtoto hawezi kuikosea.

Kweli mtoto asingeikosea. Ila nyumbani kulikuwa na mtu mzima.

Mzee Elihuruma, baba yake Eliakunda, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amekuja kutoka Moshi kuwatembelea. Naftali aliona haifai kufunga kitu kipya katika nyumba wakati baba mkwe amekaa sebuleni kama begi lililosahauliwa. Akamfanya mgeni rasmi. Kikatandikwa kitambaa cha sofa mezani, ikaombwa sala, ikanywewa chai. Bunduki ikalazwa pale ikiwa wazi, haina kitu ndani, na Gwakisa akaweka pimamaji juu yake.

Mzee akaliondoa pimamaji kwa vidole viwili. "Mimi nimejenga nyumba mbili kwa jicho hili."

Eliakunda, aliyelelewa katika mojawapo ya nyumba hizo na kuchota maji chini ya kitanda kila masika, akakohoa.

Mzee akafumba jicho moja, akaizungusha breki, akakaza nati kwa nguvu zote za ualimu. Matundu ya juu yakatazama dirisha. Wakapiga makofi.

"Imeelemea kulia," Gwakisa akanong'ona.

"Nimeona."

"Si unalegeza tu? Ndiyo sababu tulichagua hii."

"Gwakisa, wewe ndiye ulikuwa mshenga wangu. Unajua venye nilihangaika huyu mzee anipe binti yake. Leo nifungue kazi ya mkono wake? Wacha ikae."

Ikakaa. Ikaenda mashindanoni vile vile, kichwa upande, kama kuku anayesikiliza redio.

Uwanja uko kaskazini mwa jiji, na theluji ya mwisho ilikuwa imeacha matope. Mzee Elihuruma alikataa kubaki nyumbani. Kifaa alikizindua yeye. Alikaa nyuma ya mstari kwenye kiti cha kukunja, amezibwa masikio, amevaa jaketi la Naftali. Kando yake Eliakunda alishika chupa ya chai, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuandika tangazo la kuuza.

Zamu ya kwanza, Naftali akalala kifudifudi, akafyatua. Bega halikuuma, hilo lazima lisemwe. Lakini yale matundu ya juu, badala ya kuukandamiza mtutu chini, yaliusukuma kushoto, darubini ikamwonyesha mti. Nayo matundu ya upande wa kulia, alikolala Gwakisa, yalitazama ardhini. Risasi moja, na Gwakisa akapata matope usoni kama aliyepakwa na fundi wa plasta.

"Imekwenda wapi?" Naftali akauliza.

"Samahani shemeji, sioni kitu. Sioni hata wewe."

Zamu ikaisha bila hata bamba moja kugongwa. Rachelle, daktari wa meno ambaye ndiye jirani yake wa siku zote kule chini ya matokeo, alikuwa tayari mbele kwa mabamba mawili.

"Nenda ukamwambie," Naftali akasema.

"Nani, mimi?"

"Si wewe ni mshenga?"

Gwakisa akajifuta, akaenda, akainama mbele ya kiti. Alianza na hali ya hewa. Akapitia afya ya watu wa Moshi, akasifu jaketi, akagusia jinsi vyuma vya nchi hii visivyotulia. Mpaka afike kwenye nati, zamu ya pili ilikuwa imeitwa. Akarudi mbio.

"Anasemaje?"

"Anasema nati haina tatizo. Anasema ulenge vizuri."

Zamu ya pili Naftali alilenga vizuri sana. Aliona mti ule ule.

Ilibaki zamu moja. Naftali alisimama na spana mkononi, akamtazama mkewe. Eliakunda hakutikisa kichwa wala hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri kuona ameolewa na nani. Naftali akaibeba bunduki, ikiwa wazi na tupu, mdomo umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi, akaiweka juu ya meza ya matengenezo iliyokuwa hatua chache mbele ya mzee.

"Baba," akasema, "uliifunga upande."

Hakukuwa na hali ya hewa kabla yake, wala salamu za Moshi. Akalegeza nati. Akaomba pimamaji kwa Gwakisa, akazungusha, akakaza. Ilichukua muda mfupi kuliko sala ya kuizindua. Mzee Elihuruma aliitazama spana muda wote wa kazi hiyo, kisha akageuza kiti chake, akatazama maegesho ya magari.

Zamu ya mwisho, risasi ya kwanza ikapita kando ya bamba. Lakini safari hii Naftali aliiona. Aliona tope likiruka upande wa kulia wa bamba, kwa macho yake mwenyewe, bila mtu kumwomba samahani. Akasogeza kidogo, akafyatua, bamba likalia. Likalia tena. Gwakisa, uso mkavu, hakuwa na cha kusema isipokuwa "endelea." Risasi ya mwisho iligonga ukingoni kabisa, na kwa bamba moja Naftali akampita Rachelle, ambaye alikuja kumpa mkono huku akionekana mpweke.

Wakarudi Crystal, Naftali akiendesha. Mzee alikaa kiti cha nyuma, magoti yakigusa mgongo wa dereva.

"Eliakunda," akasema hatimaye, "mwambie mumeo apunguze hiyo hita."

"Baba, si huyo hapo mbele yako?"

"Najua alipo. Mwambie."

"Baba Tulia, punguza hita."

Naftali akapunguza. Wakapita taa mbili.

"Na umwambie ile ya mwisho haikugonga katikati."

"Baba, kwani uliiona? Si ulikuwa umegeuka?"

Mzee akafunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni. "Mwambie tu."

Akamwambia.