Namba Sita

...na kizibo hakifunguki, bora kisifunguke, kibane hapo hapo, maana wifi yangu ameshika kile kichupa cha mafuta ya manukato anakisokota kama anayekamua nguo, na mbele yake mezani, katikati ya vikombe vya chai, chombo cha udongo alichotuletea zawadi kinawaka, mshumaa mdogo wa kikombe cha bati ndani ya tundu lake, kibakuli juu yake, na kibakuli kimekauka, mimi nakiona kutoka hapa chini nilipokaa, limebaki doa la kahawia katikati na moshi mwembamba unapanda, hakuna mwingine anayeuona, "Hivi harufu imeisha mara hii?" anasema wifi, "Usijali mama, nakuongezea, leo mpaka majirani watanukia," na mama mkwe anacheka, mguu wake mbaya ameunyoosha juu ya kigoda, karibu kabisa na meza, mguu ule hawezi kuuondoa bila kushikwa mkono, na mwanangu amelala mapajani mwangu, mzito, jasho limemlowesha kisogo... sema. Sema basi. Neno moja tu, wifi ngoja, ni maneno mawili, haya mawili basi, mbona ukiwa kazini unayaandika mamia, lakini mdomo wangu katika nyumba hii una kufuli, mwaka wa pili huu nasema ndiyo wifi, asante wifi, na yeye ananiita bubu wetu, ananiita kwa mapenzi, najua, ndiye aliyenishika mgongo nilipokuwa na uchungu wa mtoto huyu, "Bubu wetu, lete kitambaa nishikie hiki kizibo, kinateleza," anasema, kisha ananiona nilivyobebeshwa, "Aa, kaa, kaa, usimwamshe mtoto," anakifuta kichupa kwa upindo wa gauni lake. Kadi iko pale kando ya sahani, ile kadi nyeupe iliyokuja na chombo, ameisoma kwa sauti alipofungua boksi, mkono mmoja kiunoni kama mwalimu wa zamu, "Namba moja, weka mbali na pazia, haya tumeweka, namba mbili, mbali na watoto, mtoto amelala, namba tatu, mshumaa mmoja tu kwa wakati mmoja, kwani wanadhani sisi wachoyo au matajiri, namba nne, usiondoke ukauacha unawaka, nani anaondoka na chai haijaisha, namba tano, usiuhamishe wakati nta imeyeyuka, basi, ndiyo mwisho," kisha akaigeuza nyuma, hakuna kitu, akamwonyesha mama mkwe, "Lakini mama, ona mwandiko huu, herufi zimejipanga kama zimepigwa na mashine," na mama mkwe akaivuta karibu na macho, akasema aliyeandika huyu amelelewa, na mimi nikainama nikamfuta mtoto mate ambayo hayakuwepo, kwa sababu mwandiko ni wangu. Hawajui. Wao wanajua naenda kwa mama wa nta, yule anayetengeneza mishumaa na manukato ya kuuza dukani, kuosha masufuria, na masufuria naosha kweli, nayakwangua nta iliyoganda kwa kijiko cha mbao, lakini tangu siku aliponiona naandika majina ya harufu kwenye vifuniko alinipa na kadi, darasa la saba tu, akasema, lakini hukosei hata nukta... na zilikuwa sita. Kadi zote zilikuwa na namba sita mpaka Alhamisi, zilipoletwa kadi mpya zimekatwa ndogo, nikaandika ya kwanza, nikafika namba tano nikaona chini pamebaki upana wa ukucha, "Haitoshi," nikamwambia mama wa nta, naye yuko jikoni anapima joto, hata hakugeuka, "Fanya utakavyoona, mwanangu, wewe ndiye mwenye kalamu," na ningeweza kubana, hapo ndipo roho inaniuma, ningeweza kuandika herufi ndogo, ningeweza kugeuza kadi nikaandika nyuma, lakini zingebanana zikawa mbaya, na mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa akipita nyuma yetu anasema iache herufi ipumue, nikaiacha ipumue, nikaiacha namba sita. Arobaini. Nimeandika kadi arobaini nzuri. Na namba sita haikutoka hewani, niliiona ikizaliwa, mama wa nta mwenyewe alikuwa anajaribu harufu mpya, kibakuli kimekauka akamimina mafuta juu yake kama mtu anayeongeza chai, kikalia tak, kikapasuka vipande viwili, mafuta yakaingia kwenye mshumaa, moto ukatambaa mezani bila haraka, kama maji yaliyomwagika, na mimi nilikuwa nimeshika ndoo, nusura nimwage, akapiga kelele siyo maji, siyo maji, akachukua kifuniko cha sufuria akaufunika, kisha tukakaa sakafuni tunacheka, unyusi wake mmoja umeungua nusu, akaniambia andika, andika hiyo iwe namba sita, kibakuli kikikauka, zima mshumaa, subiri kipoe, ndipo uongeze... "Mama, una koleo?" anauliza wifi. "Koleo la nini, tumia meno, si unayo yote?" "Meno yangu ya kutafunia nyama, siyo ya kufungulia chupa." Lakini anakiingiza mdomoni, kweli, anakiuma kwa upande, jicho moja amelifumba, na doa la kahawia sasa limekuwa jeusi, harufu siyo ya maua tena, ni ya kitu kilichosahaulika jikoni, mama mkwe anakunja pua kidogo anadhani ni dawa yake ya kuchua, na nikisema wifi ataniuliza wewe umejuaje, kadi haisemi, na hapo itabidi niseme yote, kwamba aliyelelewa ni mimi, na kwamba aliyelelewa ndiye aliyekata mstari, sifa na aibu zitatoka kwa mlango mmoja, siwezi kutoa moja nikaficha nyingine, na wifi atapaza sauti, kumbe! kumbe bubu wetu ni karani! halafu atanyamaza ahesabu, na kule kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa... kiko wapi kifuniko, kifuniko cha sufuria ya maharage kiko jikoni, hatua sita, na mtoto huyu, na mguu ule juu ya kigoda, arobaini, kuna nyumba nyingine thelathini na tisa, kuna mtu mahali fulani amekaa hivi hivi na chai yake, amesoma mpaka namba tano, akageuza nyuma, akaona hakuna kitu, akatulia, akaamini, kwa sababu mwandiko ni mzuri. Hilo ndilo. Wangeuona mwandiko mbaya wangeuliza. Mimi nimewatuliza. Na nilikuwa nikidhani naona haya kwa sababu ya heshima, wifi ni mkubwa, kwao ni kwao, mimi mgeni, lakini si heshima, ni ile ile ya kadi, sitaki kuharibu, nataka kila kitu kikae sawa, kipumue, nisiwe mimi wa kuandika nyuma ya kadi... kesho nitageuza kadi zote, nitaandika nyuma, zibanane, ziwe mbaya, na za Alhamisi nitamwambia mama wa nta tuulizie dukani walionunua ni akina nani, lakini kesho iko mbali, kichupa kiko karibu, "Kinalegea," anasema wifi kwa meno yaliyobana, "kinalegea, subirini," mshumaa unawaka, moshi unapanda, mama mkwe anapuliza chai yake, mtoto anavuta pumzi ndefu mapajani mwangu, hakuna kilichosogea chumbani, isipokuwa kitu fulani kooni kwangu kimegeuka kama ufunguo, na sauti inayotoka ni kubwa kuliko nilivyoipima, mtoto anashtuka, mama mkwe anageuza shingo, "Wifi, zima kwanza," nasema, "kuna namba sita."