Kingi ya Hatua Moja

Kwenye kijiwe chetu cha Kigera, mjini Musoma, sheria ilikuwa moja tu: anayefungwa drafti anainuka. Uwe diwani, uwe katekista aliyepita kumwona mgonjwa akanogewa, ukifungwa unampisha anayefuata, na unapoinuka unasindikizwa na maneno. Utaulizwa kama mkeo anajua uko hivi. Utashauriwa ukacheze kombolela na watoto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mshindi miaka minane. Nilikuwa nainuka kwenda kula, kwenda kusali na kwenda msibani, lakini kwa kufungwa, labda mara tano kwa mwaka, tena siku zenye homa.

Nilikikalia mwaka 1995, kiwanda cha nguo kilipofungwa. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kufuma. Tuliambiwa ni mageuzi ya uchumi, atakuja mwekezaji, tuvute subira. Wenzangu wenye nguvu walikwenda Buhemba kuchimba dhahabu, wengine wakarudi kwao kulima mihogo. Mimi nilibaki mjini na mke wangu Jeska, ambaye tangu siku ile ndiye anayetulisha kwa samaki anaouza sokoni, sato na furu. Na nilibaki na drafti. Mtu asiye na kazi anaonekana hana kitu, lakini watu wakisikia huyu ndiye Renatus asiyefungika, wanampa mkono kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo mali niliyokuwa nayo, na nilijua kabisa kwamba sina nyingine.

Kisha akaja Mniko. Au niseme kweli, mimi ndiye niliyemfuata. Sabasaba ya mwaka 2003 tulikwenda Bunda, pale Manyamanyama, kucheza na wenzetu wa kule. Mniko ana bucha, mtu mpole mwenye vidole vinene, hasemi wakati anacheza. Alinifunga mara tatu mfululizo. Nilipoinuka hata hakunitania, aliniambia tu kwamba siku ya pili ya Krismasi atakuja Musoma turudiane.

Njiani kurudi nilisikia wenzangu wakinong'ona, na tulipofika Kigera Masatu akalisema waziwazi. Masatu alikuwa mtunza stoo kiwandani, na nilikuwa nimemfunga kwa miaka minane mpaka akawa anaaga kabla hatujamaliza.

"Kaka Renatus, usikasirike," alisema. "Mniko akikufunga na hapa nyumbani, itabidi tupange upya nani anakalia ubao wa kwanza."

"Nani ataukalia? Wewe?"

"Yeyote. Lakini si wewe."

Nilicheka, ila kicheko hakikushuka tumboni. Nilikuwa na miezi mitano ya kujiandaa, na Kigera nzima hapakuwa na mtu wa kunitoa jasho. Ukicheza na wanaokuogopa unazidi kuwa mjinga.

Mtaa wa Mukendo kulikuwa kumefunguliwa kafe ya intaneti, kompyuta sita na jenereta moja bovu. Nilikwenda kuitengeneza hiyo jenereta. Msichana aliyekuwa akiiangalia kafe, Ursula, alikuwa binti wa marehemu msimamizi wangu wa kiwandani, kwa hiyo ananiita baba. Kwenye kompyuta moja nikaona ubao wa drafti, mwekundu na mweusi, na kete zinasogea zenyewe.

"Huyo anacheza na nani?" niliuliza.

"Na watu, baba. Wako Amerika, wako Uturuki, wako popote. Unaingia chumbani, unakaa mezani, mnacheza."

Nikamwuliza kama kuna wanaojua. Akasema wako maelfu, saa zote. Moyo wangu ulipiga kama wa kijana. Nikafikiri, mtu akishaifunga dunia, mwuza nyama wa Manyamanyama atamsumbua nini? Tukapatana kwamba nitaitunza jenereta, na wao watanipa saa moja kila asubuhi.

Ursula aliniandikisha kwa jina la Renatus_Kigera. Mgeni yeyote hupewa pointi 1200, ukishinda zinapanda, ukifungwa zinashuka. Akaniingiza kwenye chumba cha wanaoanza. Nilitaka kukataa, maana mimi si wa kuanza, lakini nikakubali. Wa kwanza kukaa na mimi alijiita daisy1931.

Nilianza vizuri. Yeyote aliyecheza drafti kwetu anajua thamani ya kingi. Kete yako ikifika mwisho wa ubao ikaitwa kingi, inatembea kwa mshazari ubao mzima, inatoka pembe hadi pembe, inakula chochote kilichoachwa wazi hata kiwe mbali. Kwa hiyo unaweza kutoa sadaka kete tatu, hata nne, ili moja iingie. Nilimlisha daisy1931 kete nne. Alikula bila kufikiri, nikamhurumia. Nikaingiza kingi. Nikaishika kwa mausi, nikaivuta mpaka pembe ya pili, nikaiachia.

Ikarudi ilipokuwa.

Nikaivuta tena, ikarudi tena. Nikamwita Ursula nikamwambia mausi ni mbovu. Akaifungua, akakifuta kidude chake cha ndani, akairudisha. Kingi ikagoma. Dakika zangu zikaisha nikiwa nimeishikilia, na kompyuta ikatangaza kwamba nimefungwa. Chini yakatokea maneno ya Kiingereza, Ursula akanisomea: daisy1931 anashukuru kwa mchezo mzuri. Mzuri gani? Nilitoka bila kuaga.

Nilicheza hivyo siku nne, kila siku nalisha kete, naingiza kingi, kingi inagoma. Siku ya tano Ursula akaniambia ametafuta sheria za mchezo akazisoma.

"Baba, wanasema kingi inatembea hatua moja tu. Mbele au nyuma. Hatua moja."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Mimi drafti naijulia wapi?"

Nilikasirika kupita kiasi. Kingi ya hatua moja ni kingi gani? Ni sawa na kuniita mimi fundi mkuu wa kiwanda kisicho na hata nati. Lakini wahenga walishasema, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Nikajiambia nitaijifunza hii drafti ya ugenini, nitawafunga kwa sheria zao wenyewe.

Nilifungwa Agosti nzima, nikafungwa Septemba. Kile chumba cha wanaoanza kilikuwa na anayeanza mmoja tu, mimi. Wengine walikuwa majogoo wanaojiandikisha upya kwa majina mapya ili wawale wageni, Ursula mwenyewe alinithibitishia. Ukikosea mara moja wameshakumaliza, na wakikuona unafikiri sana wanakuandikia uharakishe. Na laini ya simu nayo ilikuwa na mambo yake. Nilikuwa nasogeza kete yangu Mukendo, inakwenda huko inakokwenda, na kabla haijafika saa yangu imekwisha, nimefungwa na njia. Pointi 1200 zikawa 1050, zikawa 900. Nilifika 840, namba iliyokaa mbele ya jina la Kigera dunia nzima ikiiona. Kuna asubuhi nilitaka kuipiga ile kompyuta ngumi. Kuna asubuhi nyingine machozi yalinilenga, mimi mtu mzima, nikasingizia moshi wa jenereta.

Jeska aliona kabla sijamwambia.

"Baba Nyamburi, wewe si ulikuwaga unarudi nyumbani unacheka?" alisema akiwa anaparua samaki. "Siku hizi unarudi kama umetoka kuzika."

"Najifunza."

"Unajifunza nini, kufungwa? Hicho hakina shule." Akaendelea kuparua. "Kijiweni wanakuulizia. Masatu alipitaga hapa mara mbili."

Kijiweni sikuwa naenda tena. Mwanzoni nilisema sina nafasi. Baadaye, nakiri, niliona haya ya kuulizwa dunia inaendaje. Na baadaye zaidi, mambo yalipoanza kunyooka kidogo, niliwaona washamba. Maana yalianza kunyooka. Mwezi Oktoba nilijizuia kulisha kete ovyo. Nilijifunza kuzipanga zitembee zimeshikana, kuihesabu kingi kwa hatua, moja, mbili, tatu, na kujua kwamba kingi iliyo mbali haina madhara, nina muda wa kujipanga kabla haijanifikia. Novemba nilitoka sare na daisy1931. Wiki iliyofuata nilimfunga mtu wa Uturuki, kisha mwingine, na pointi zikapanda mpaka 1010. Siku ile nilitembea kwa miguu toka Mukendo hadi Kigera nikiongea peke yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu kiwanda kifungwe. Nilimwambia Jeska kwamba Mniko amekwisha.

"Ulicheza na nani hapa mtaani ukajua amekwisha?" aliuliza.

"Hapa mtaani hakuna mtu," nilimjibu. Jibu lile ninalikumbuka mpaka leo, na ninalionea aibu.

Siku ya pili ya Krismasi Mniko alikuja na wenzake kumi. Kijiwe kilijaa mpaka barabarani. Tulipatana mechi tatu, mwenye mbili ndiye mshindi. Vizibo vya soda vikapangwa, vyangu vimelala kifudifudi, vyake vinatazama juu. Nikakaa kwenye kiti changu, watu wakashangilia jina langu, na nikawaamini.

Mechi ya kwanza nilikuwa mbele kwa kete mbili. Mniko akaingiza kingi kwenye pembe ya kushoto kwangu. Nikaitazama, nikahesabu. Hatua nne mpaka kuzifikia kete zangu. Nina muda, nikasema moyoni, na nikasogeza kete nyingine kabisa, nikijiandalia kingi yangu. Mniko akanitazama usoni, akautazama ubao, akanitazama tena kama mtu anayehofia mtego. Halafu akainua kingi yake pembeni kule, akaipitisha ubao mzima, akala kete tatu kwa mkono mmoja, akazipanga pembeni taratibu.

Watu walipiga kelele. Mimi niliogopa, maana sikuwa nimeteleza. Njia ile ilikuwa wazi mbele ya macho yangu na sikuiona.

Mechi ya pili nilijiambia kingi inaruka, kingi inaruka, kama mtoto anayekariri katekisimu. Nikacheza kwa woga, lakini nikacheza. Nikaingiza kingi mimi kwanza. Kete za Mniko zikaizunguka, ila mshazari mrefu ulikuwa mtupu, ningeweza kuipeleka mpaka pembe ya pili ikakaa salama, na kutoka pale nilikuwa na mchezo mkononi. Nilijua. Mkono ukaenda, ukaishika ile kingi ya vizibo viwili, ukaisogeza hatua moja, ukaiachia.

Kwetu ukiachia umecheza. Nilikuwa bado nautazama mkono wangu Mniko aliposema neno lake la kwanza.

"Mzee, unaumwa?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Masatu alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia anasema taratibu, "Kaka, ilikuwa wazi mpaka kule." Mniko akaila kingi yangu. Dakika kumi baadaye nikainuka, na Masatu akakaa. Naye alifungwa, lakini alimfunga Mniko mechi moja, na walimbeba juujuu mpaka dukani.

Nilidhani nitapumzika wiki moja macho yarudi. Hayakurudi. Nilikwenda kijiweni Januari yote, nikapanga foleni kama wengine, na kila nilipokaa nikaziona kingi mbili kwa wakati mmoja, inayoruka na inayotambaa, na sikujua ni ipi iliyo mbele yangu mpaka iwe imeshanila. Nikajaribu kurudi kafe, nikidhani basi kule ndiko kwangu sasa. Kule nako woga wa Mniko ulinifuata, nikawa najikinga na miruko isiyokuwepo, nikaachia mambo ya karibu. Pointi zikashuka chini ya zile za Septemba. Ursula aliniambia, baba, pumzika. Jenereta ilipoharibika Februari alimwita fundi mwingine, na sikumlaumu.

Jumamosi moja ya Februari nilicheza na Masatu. Alinifunga haraka, hata alionekana kama anatafuta namna ya kuchelewesha. Niliinuka, nikajipangusa suruali, nikasubiri yale maneno. Nilikuwa nayahitaji, sijui kama mtu asiyekaa kijiweni ataelewa. Wakikutania maana yake wanakutegemea urudi kesho uwafunge. Walikuwa watu wanne kwenye foleni, midomo yao ilikuwa ya kutania tangu kuzaliwa.

Masatu akanishika mkono wa shati.

"Kaa tu, kaka," alisema. "Rudia."

"Kuna foleni."

"Wamekubali. Kaa."

Niliwatazama wale wanne. Mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine alikuwa ameshaanza kunipangia vizibo, kwa upole, upande wangu, kama anayemtengea chakula mgonjwa. Nilitaka kuondoka, lakini nyumbani kulikuwa na Jeska na ukweli wake, na pengine popote sikuwa na pa kwenda. Nikakaa. Nikafungwa. Wakaniambia nirudie tena, nikarudia, na mpaka jua linazama hakuna mtu aliyenitania.