Fundi Niliyemhamishia Katanga

Mfuniko wa birika ulianza kugongagonga gizani, nikauwahi kwa kidole kabla haujamwamsha Christelle. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Taa huwa siwashi saa hizo, maana nyumba yetu hapa ughaibuni, mji wa Euless, ni chumba na sebule, na mtoto analala kwenye kochi. Hapo simu ikawaka mezani. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu wangu wa masomo ya jioni: insha yangu imechaguliwa kufungua kijitabu cha chuo. Kwenye picha niliona jina langu, Kethia, na juu yake kichwa: Babu Yangu, Fundi wa Jeti.

Niliigeuza simu kifudifudi.

Mume wangu Wilondja aliingia kutoka zamu ya usiku boharini, viatu mkononi. Nikamwonyesha. Ningemficha angejua tu.

"Yesu wangu! Mama Christelle!" alinong'ona, na mnong'ono wake ni kelele. "Kumbe miaka yote hii nalala na mwandishi, halafu naambiwa nitoe takataka?"

"Nenda kalale, Baba Christelle."

"Ngoja kwanza. Huyu babu fundi wa jeti ni yupi? Babu yako si aliuza mihogo pale Uvira?"

"Ni insha tu."

"Aa, insha." Akachukua kikombe changu akanywa. "Basi babu yangu mwandikie awe rubani."

Alicheka mwenyewe. Christelle akaamka, akaambiwa habari, akaruka juu ya kochi hadi jirani wa chini akagonga dari yake.

Kazi yangu ya mchana ni kumtunza Mzee Delbert. Ana miaka tisini na mitatu, anakaa na binti yake upande wa Fort Worth. Namwogesha, namkata kucha, namsikiliza. Wakati wa vita vya Korea alikuwa fundi wa ndege za kivita za jeti, zilipokuwa bado changa. Anasema mafundi wakongwe wa ndege za pangaboi walizicheka, wakisema jiko halirushwi angani. Anasema zile injini za kwanzakwanza, za miaka ya vita vya Hitler, nyingine ziliishi saa chache tu zikaisha, kwa sababu chuma cha kuvumilia moto ule kilikuwa hakijapatikana. Watu walijifunza kwa kuzika wenzao. Na ndege ya abiria ikipita juu ya paa kwenda kutua, huinua kidole: "Huyo ni mjukuu wa zile zangu."

Siku moja ya Februari, miguu yake ikiwa ndani ya beseni langu, aliniambia jambo ambalo binti yake halijui. Nyuma ya moto wa injini, alisema, kuna mapanga madogo ya chuma yaliyopangwa duara kama feni. Fundi anapaswa kuyamulika kwa tochi, moja baada ya jingine, akitafuta ufa mwembamba kama unywele. Jioni moja ya baridi kali, akiwa kijana wa miaka ishirini, vidole vimekufa ganzi, aliyamulika nusu. Akatia sahihi kwamba ameyaona yote. Asubuhi ndege iliruka na rafiki yake ndani. Haikurudi.

"Labda walimtungua," alisema. "Labda ni ule upande nisioutazama. Hakuna aliyeniuliza. Na binti yangu ameitundika picha yangu pale ukumbini, unaiona."

"Yataishia hapa kwenye beseni, Babu," nikamwambia. Namwita Babu, mtu wa umri ule nitamwitaje?

Mwezi uliofuata mwalimu alitupa zoezi: andika kuhusu kazi ya mtu wa familia yako. Jirani yangu darasani, dada mmoja wa Kikenya anaitwa Wacuka, akaanza palepale, baba yake alikuwa mhasibu. Baba yangu mimi alichimba mashimo ya vyoo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Shuleni kambini waliniita binti wa choo, nami nilikuwa nikimwona njiani na jembe lake napita upande wa pili. Nilianza sentensi yake mara tatu. Mara tatu nikaifuta.

Kisha nikamchukua Mzee Delbert. Nikamtoa Korea, nikamhamishia Katanga, nikampa jina la muuza mihogo. Tochi nikamwachia. Ufa nikamwachia. Rafiki asiyerudi nikamwachia. Niliandika kwa kikao kimoja bila kusimama, na sijawahi kuandika kwa wepesi vile. Mali ya wizi haina uzito mpaka siku mwenyewe anapoiulizia.

Siku ile ya ujumbe shule za watoto zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda kazini na Christelle, kwa ruhusa ya binti wa Mzee. Nilimwonya garini asiseme kitu. Ana miaka saba. Hata kiti hakukalia.

"Mama ameshinda! Hadithi yake iko kwenye kitabu!"

Mzee Delbert alipiga makofi mawili, makavu kama vibao. "Nilijua! Nisomee."

"Sina hapa, Babu."

"Usinidanganye. Mkoba wako huo ni ofisi nzima. Nisomee, mimi si ndiye niliyekuwa nakusahihishia Kiingereza?"

Ni kweli, alinisahihishia. Nikaitoa karatasi, ile yenye alama ya mwalimu, nikakaa karibu na kiti chake cha magurudumu. Mstari wa kwanza ulikuwa na tochi. Niliutazama, na mdomo wangu ukaenda kwingine.

"Baba yangu alichimba mashimo ya vyoo," nikasema, macho kwenye karatasi.

Na nikaendelea. Nilisema jinsi alivyoshuka kwa kamba, na jinsi alivyogonga kuta za shimo kwa mpini wa jembe, sikio kwenye udongo. Nilisema kwamba hakumkabidhi mtu shimo kabla hajashuka mwenyewe na kulipapasa pande zote kwa kiganja. Msimu mmoja wa mvua alifukia shimo la siku nne kwa sababu upande mmoja ulitoa sauti ya utupu. Hakulipwa kitu. Tulilala na uji, nami sikumsemesha siku mbili. Nilikuwa nageuza ukurasa kila nilipohisi ni wakati wa kugeuza.

Nilipofika mwisho, Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Alilifukia," alisema. "Kazi ya siku nne."

"Ndiyo, Babu."

"Na hakuna aliyekuwa anamtazama?"

"Hakuna."

Nikaona machozi yanatafuta njia kwenye mikunjo ya uso wake, na uso wangu ukawaka moto kuliko ile siku ya kwanza niliyomvua nguo mwanamume nisiyemjua nimwogeshe. Baba yangu alistahili kusomwa. Mzee huyu naye alistahili siri yake. Na karatasi ilikuwa inalowa jasho la vidole vyangu.

"Rudia hapo," alisema taratibu. "Pale pa ule upande mmoja. Polepole, maneno yaleyale. Halafu niachie karatasi, binti yangu anisomee tena jioni."

Nilirudi ukurasa wa kwanza. Maneno yaleyale sikuwa nayo. Christelle alikuwa ameegemea bega langu, kidole chake kikifuata mistari kama wanavyofundishwa shuleni, kikishuka, kikipanda, kikitafuta. Kikasimama. Akaniangalia, si kwa ubaya, kwa kutaka kunisaidia tu, kisha akasema kwa sauti, kwa kile Kiingereza chake cha darasani ambacho wote mle chumbani tulikielewa:

"Mama, hayo hayajaandikwa hapa."